Nguzo Isiyogusa Chini

Jumapili iliyopita mlinijia hapa nyumbani, nyinyi mnaoanza useremala, mkaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Mliuliza: mtu akiniita nimtengenezee veranda iliyolegea, nianze na nini? Nikawajibu juu juu kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Mlipoondoka niliona nimewadhulumu. Basi nawaandikia. Mwandiko mtausamehe, mkono uliozoea tezo hauelewani sana na kalamu.

Jibu ni kwamba mnavua shati, mnalala kifudifudi na kuingia chini yake. Hakuna jibu jingine. Mwenye nyumba atashangaa, kuku watatoka mbio, na vumbi litawajaa puani. Ingieni hivyo hivyo. Mimi jambo hilo sikulijua kwa akili zangu. Nilikuja kulijua kwa sababu ya penseli.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi bado kijana mwenye mbavu. Nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu Kinakomba kuja Garsen kutafuta kazi. Garsen yenyewe ilikuwa safu ya maduka ya bati, uwanja wa kuuzia ng'ombe, na kivuko kilichovutwa kwa kamba. Mto ukijaa, malori ya Lamu na ya Malindi yalikwama pande zote mbili, na abiria walikaa siku mbili tatu wakingoja maji yapungue. Wengi walingojea kwa Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo alikuwa mjane kutoka Kipini. Sauti yake ilikuwa ya chini, na maneno yake ya kwao: "njoo" yeye aliita "ndoo", na mgeni asiyemjua alikwenda kumletea chombo cha kutekea maji. Mkahawa wake ulikuwa jirani na kivuko, na kwa nyuma ulikuwa na veranda ya mbao iliyotokeza kuelekea mtoni, imebebwa na nguzo kumi na mbili za mkoko. Ndani ya mkahawa hapakukaa mtu. Wote walikaa verandani, penye upepo, wakitazama kivuko kikienda na kurudi.

Veranda ile aliijenga Fundi Komora, na Fundi Komora ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu wa huko mto unakoelekea baharini, Mkristo, ufundi wake aliupata misheni alipokuwa mdogo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikuwa na ukucha. Alikuwa mkali kwelikweli. Kigoda changu cha kwanza alikikalia, akakisikiliza, akainuka, akakipiga teke kikavunjika. Mlango wangu wa kwanza niliufunga bawaba vibaya, ukawa unafunguka wenyewe, tena kwa nguvu, ukampiga mama mkwe wa mwenye nyumba akiwa na chungu cha uji kichwani. Fundi Komora aliniongoza kwa yule mama, akaniamuru niombe radhi, kisha akanirudisha kuufunga upya mbele ya watu wote. Hakunisema tena. Lakini tangu siku hiyo sikufunga bawaba bila kukumbuka uji.

Nilikaa naye miaka minne. Halafu nikaanza kujitegemea, na yeye akapunguza kazi, akisema macho yamechoka. Kila siku baada ya kumwagilia shamba lake alikuja kwa Bi Mwanakombo, akakaa kwenye kona ya mwisho ya veranda, upande wa mtoni, na kikombe chake. Niliona ni uzee tu.

Siku moja Bi Mwanakombo aliniita. Mbao tatu karibu na mlango zilikuwa zimeinuka vichwa, wateja wanajikwaa. Alikuwa amemwambia Fundi Komora kwanza, na Fundi akamjibu, "Mwite Maro. Yeye bado anaweza kuinama." Maro ndiye mimi. Nilijisikia mkubwa sana kuambiwa hivyo.

Nilipofika nilimkuta fundi mwingine, mtu wa Malindi aliyekwama na lori. Begi lake la vyombo lilikuwa zuri kuliko langu, na ndani yake niliona pima maji ya kioo ambayo mimi niliiona kwa wazungu tu. Alisimama mlangoni, akakanyaga ubao mara mbili kwa kisigino, akasema, "Mbao tatu, misumari mipya. Asubuhi moja imekwisha."

Bi Mwanakombo akanigeukia. "Na wewe, Maro, waonaje?"

Vijana, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema maneno yale yale. Nilitoa penseli sikioni ili nionekane napima, ikaniponyoka, ikapita kati ya mbao mbili na kuanguka chini. Penseli nilikuwa nayo hiyo moja. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye mpango, "Mimi sisemi kitu mpaka nione chini." Nikavua shati, nikazunguka, nikaingia. Miaka yote baadaye Bi Mwanakombo aliwasimulia watu kwamba alinipa kazi kwa sababu ya uangalifu wangu, nami sikumkatiza.

Chini palikuwa na giza karibu na nyumba, na pakavu. Safu ya kwanza ya nguzo ilikuwa nzuri. Nilizigonga kwa kifundo cha kidole kama nilivyofunzwa, zikatoa sauti kavu, fupi. Ya pili nayo ilikuwa nzima, ila mchwa wameanza kupanda. Penseli ilikuwa imebingirika mbele kwa sababu ardhi ilikuwa na mteremko, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana Fundi Komora alijenga pale mahali pakiwa sawa, mto ukiwa mbali, na mkulima mmoja akilima ndizi katikati. Nilitambaa nikiifuata. Mwanga ukaongezeka. Nikaikuta imeegemea nguzo ya mwisho.

Nilipoishika, niliona mwanga chini ya nguzo.

Nikafikiri macho yananidanganya. Nikapitisha mkono. Kiganja changu chote kilipita kati ya nguzo na ardhi, kikaenda kikarudi. Nikaigusa ile nguzo kwa kidole, ikayumba taratibu kama embe kwenye kikonyo. Haikuwa imebeba veranda. Veranda ndiyo iliyokuwa imeibeba, kwa misumari. Mto ulikuwa umeula ukingo mpaka chini ya mkahawa, na nguzo ilibaki pale ilipo bila kitu cha kukanyaga.

Nikatazama jirani yake. Nayo ilikuwa imening'inia. Ya tatu mguu wake ulikuwa laini, niliingiza kisu mpaka kwenye mpini bila kutumia nguvu. Ya nne ilikuwa imesimama ndani ya tope, na tope lilikuwa likimeguka wakati natazama.

Juu yangu palikuwa na watu. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Kupitia nyufa niliona nyayo, viatu, ncha ya fimbo, mguu wa mtoto mchanga uliokuwa ukining'inia kwenye paja la mama. Mtu alicheka, vumbi likaniangukia jichoni. Mwingine akaweka kikombe chini, nikasikia kila kitu kinaitikia, kuanzia ubao hadi nguzo ile iliyokuwa hewani. Na nitakiri kwenu jambo lisilopendeza: wazo langu la kwanza halikuwa kwa wale watu. Lilikuwa kwamba mimi niko chini yao.

Nilitoka kinyumenyume. Sijui ilichukua muda gani. Nilimkuta Bi Mwanakombo jikoni, anakanda unga.

"Bi, kule nyuma wako watu wangapi?"

"Wamejaa. Ishirini na kitu. Una nini, mwanangu?"

"Watoke. Lakini wasikimbie. Wakiinuka wote kwa pamoja, inakwenda nao."

Alinitazama kifua kilichojaa vumbi, akatazama mkono wangu uliokuwa bado umeishika penseli. Hakuniuliza swali la pili. Alijifuta unga, akaenda mlangoni, akaanza kuwaita kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

"Mama Halako, ndoo na mtoto, hapo pana jua. Dereva, ndoo uonje supu, uniambie chumvi. Wewe nawe, mwenye kilemba, una barua yako hapa ndani."

Mmoja mmoja wakaja. Mwenye kilemba hakuwa na barua, akaanza kulalamika, nami nikamshika mkono nikamkalisha. Fundi wa Malindi alisimama kando ya ukuta, rangi imemtoka, anatazama mahali alipokuwa amekanyaga kwa kisigino. Mjukuu wa Bi Mwanakombo, mtoto wa miezi sita hivi, alikuwa amelala katika kapu karibu na kona. Bibi yake alikwenda mwenyewe. Alitembea pole pole, akalichukua kapu, akarudi hatua kwa hatua, akimwimbia kidogo.

Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa Mzee Dawe, Mworma, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mzito kwa mwili na kwa heshima. Alikuwa akitazama mifugo yake ikiogelea kuvuka mto.

"Mzee, supu iko ndani," Bi Mwanakombo alimwambia.

"Supu lete hapa. Mimi naangalia ng'ombe yangu."

"Mzee wangu, nimekuwekea meza."

"Meza iko hapa pia."

Bi Mwanakombo alifikiri kidogo. "Basi ng'ombe wako mmoja amepita hapa mbele, anaelekea njia ya Malindi."

Ulikuwa uongo, na ulifanya kazi kupita kiasi. Mzee Dawe aliinuka kwa ghafla, akakita fimbo ubaoni, na veranda nzima ikalia. Si mlio wa kuvunjika. Ulikuwa mlio mrefu wa kitu kinachotoa pumzi. Mzee alisimama pale pale, mguu mmoja mbele.

"Mzee," nikamwambia, "unaona mistari ya misumari? Pita juu ya misumari tu. Usikanyage katikati."

Hilo lishikeni, ni la kazi: penye msumari chini yake pana boriti, na ubao hubeba zaidi hapo. Mzee Dawe alikuja akitazama chini, mguu mbele ya mguu, kama mtu apitaye juu ya gogo lililowekwa mtoni. Alipofika ndani alikaa, akaomba maji badala ya supu.

Aliyebaki alikuwa Fundi Komora.

Alikuwa kwenye kona yake, upande wa mtoni, juu kabisa ya ile nguzo isiyogusa chini. Kikombe mkononi. Alikuwa ameona yote hayo na hakuinuka. Nilisimama kizingitini, naye akanitazama.

"Umeingia chini," akasema.

"Nimeingia, Fundi."

"Ngapi?"

"Mbili ziko hewani. Moja imeoza. Ya nne bado kidogo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilidhani ni moja," akasema.

Nimepata misukosuko katika maisha yangu. Niliwahi kuzama, niliwahi kuanguka toka paa la shule. Lakini sikumbuki kitu kilichonishtua kama maneno hayo matatu. Huyu ndiye aliyevunja kigoda changu kwa sababu mguu mmoja ulikuwa na ufa wa unywele. Yeye aliinuka kwa utaratibu, akapita juu ya misumari bila kuambiwa, akaingia ndani na kikombe chake hakikumwagika.

Bi Mwanakombo alikuwa amemkumbatia mjukuu. Fundi Komora alisimama mbele yake, akaeleza mwenyewe, sikuhitaji kufungua kinywa.

"Masika yaliyopita nilisikia mlio pale pembeni. Nikajua. Sikuinama kuangalia. Nikawa nakuja kila siku nakaa pale pale. Nilijiambia, mradi nimekaa mimi, haitaanguka."

"Mtoto huyu hulala pale kila siku," Bi Mwanakombo akasema.

"Najua. Ndiyo maana nilisogeza kiti karibu naye."

Bi Mwanakombo alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua. Nami nilikuwa namtazama hivyo hivyo. Nadhani tungekaa hivyo mpaka jioni kama si mbuzi.

Mbuzi wa jirani alipanda verandani kwa upande, kufuata maganda ya ndizi. Mbuzi mmoja, jike, si mkubwa. Alifika kwenye ile kona, akainamisha kichwa, na upande wote wa mtoni ukaondoka. Sikusikia kishindo nilichokuwa nakitegemea. Mbao ziliteremka pamoja, kiti kikiwa juu yake, zikaingia majini, na maji ya kahawia yakazifunika. Baadaye mbuzi akaibuka mbali kidogo, anaogelea kwa hasira, akapanda ng'ambo ya kivuko. Pale palipokuwa na watu ishirini tuliona mto.

Mzee Dawe alisema jambo kwa Kiorma, halafu akalirudia kwa Kiswahili ili tuelewe: "Mbuzi moja."

Fundi wa Malindi aliondoka bila kuaga. Mimi nilipewa kazi, si ya mbao tatu tena bali ya veranda nzima. Bi Mwanakombo aliweka sharti moja. "Utajenga wewe, Maro. Yeye atatimba mashimo." Alimaanisha kuchimba, na alimaanisha mwalimu wangu. Nilitaka kukataa. Fundi Komora alikuwa ameshakunja suruali.

Tuliihamisha veranda upande wa barabarani, mbali na mto, ingawa wateja walinung'unika kuhusu upepo. Nguzo tulizichoma miguu motoni mpaka nje zikawa nyeusi, tukazipaka oili chafu ya malori, kila moja tukaiwekea jiwe bapa chini. Shimo likifika kiwikoni, ukitia mkono, ni la kibanda cha kuku. La veranda lifike kwapani. Fundi Komora alichimba akiwa amelala ubavu, mkono wote umezama ardhini, na kila baada ya muda aliniuliza, "Hapa patosha?" Nami, kwa kinywa hiki, nilimjibu, "Bado." Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma kama ile.

Siku ya tatu nilimwuliza kwa nini hakusema.

Aliendelea kutoa udongo kwa kopo. "Toka hapa hadi Kau, Maro, kuna watu wamelala juu ya vitu nilivyogonga mimi. Wamekalia, wamefungia milango, wameweka mpunga wao. Ningesema hii imekufa, mtu angeuliza, na ile yangu je? Mimi ningemjibu nini? Sijui. Tangu nimalize sijarudi hata kwa mmoja."

"Mto ndio uliosogea, Fundi. Wewe ulijenga vizuri."

"Mto ulisogea miaka yote hiyo, na mimi nikinywa chai."

Nikasema tu, "Basi tukimaliza hapa, twende tukaangalie."

Tulimaliza, na Bi Mwanakombo akazikanyaga mbao zote, moja baada ya nyingine, na mtoto mgongoni. Kisha tukapanda mtumbwi, mimi na Fundi Komora na begi la vyombo, tukateremka na mto. Kila kijiji alichowahi kufanya kazi tulisimama. Alipiga hodi, akavua kofia, akasema, "Nilijenga hapa. Nimekuja kuangalia." Watu walipigwa na butwaa. Hawakuwahi kusikia fundi akirudi bila kuitwa, na wengine walidhani anatafuta kazi mpya kwa hila. Mahali pamoja tulikuta ngazi ya ghala imeliwa kwa ndani. Tuliivunja pale pale, tukatengeneza nyingine. Shuleni madawati matano yalihitaji kabari. Bwana mmoja alituambia kabati la Fundi Komora lilikuwa zuri sana, mbao kavu, walilipasua kuni likapikia chakula cha harusi nzima. Fundi aliuliza kama liliwaka vizuri. Yule bwana akasema vizuri mno. Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kau tulifika adhuhuri, siku ya tisa au ya kumi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mmoja mtu mzima, mjane wa mvuvi, aliyekuwa na kitanda cha mti mgumu wa mbambakofi alichotengenezewa alipoolewa. Alituambia amezaa watoto saba juu yake, na mumewe alifia hapo. Fundi Komora alikigonga kila mguu, akavuta kamba, akaingiza ncha ya kisu kwenye kila kiungo. Akarudia tena kuanzia mwanzo. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, amechoka kungoja.

"Fundi, si ulale ujaribu mwenyewe," akasema.

Fundi Komora alinitazama. Akavua viatu, akavipanga pamoja ukutani, akajinyoosha kitandani kwa tahadhari, upande mmoja kwanza. Alisema anapima tu. Tukatoka nje kumpisha. Mwenye mtumbwi alipokuja kutuita tulimwambia angoje, na alipokuja mara ya pili yule mama alimfukuza kwa ungo, akimwashiria asipige kelele, maana kutoka ndani, kupitia ukuta wa makuti, sote tulikuwa tukimsikia mzee akikoroma.